Muziki wa Kufokafoka na Haki ya Kupiga Kelele



Kabla neno "rapu" halijazoeleka, Watanzania waliupa muziki huo jina la kwao wenyewe: muziki wa kufokafoka. Hebu litazame neno hilo kwa makini. Kitenzi "foka" kina maana mbili zinazokaa jirani. Maji hufoka yanapotoka mahali kwa nguvu, na chungu hufoka kinapochemka hadi povu likamwagika juu ya mafiga. Mtu naye hufoka anaposema kwa hasira. Akikuelekezea wewe hasira hiyo, basi umefokewa. Sidhani kwamba walioanza kulitumia jina hilo walikusudia sifa. Walisikia vijana wanaosema kwa kasi na ukali pale ambapo walitarajia waimbe, wakacheka. Hata hivyo neno walilolichagua linatulazimisha kuuliza swali ambalo wao hawakuliuliza, kwa maana chungu hakifoki pasipo moto.

Nimelikumbuka neno hilo kwa sababu ya kosa nililolifanya darasani miaka kadhaa iliyopita. Niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wa sekondari insha yenye kichwa "Mtaa Ninaoishi". Mmoja wao, kijana mkimya aliyependa kukaa nyuma, aliandika juu ya mtaro wa maji machafu uliopita mbele ya nyumba yao, na juu ya mtoto wa jirani aliyetumbukia humo siku ya mvua akaopolewa kwa bahati tu. Hakuandika kama nilivyomfundisha. Sentensi zake zilikuwa fupi na zilirudiwarudiwa. Neno "mtaro" liligonga karibu kila mstari. Viongozi wa mtaa aliwaita majina ambayo sitayarudia hapa. Nilimpa alama 9 kati ya 20, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Lugha kali mno. Punguza kelele."

Baada ya kipindi alinifuata, akaniuliza kwa adabu kamili: "Samahani mwalimu, nikipunguza kelele, kitabaki nini?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake aliniletea, katika simu, albamu ambayo alisema ndiyo iliyomfundisha kuandika namna ile. Ilikuwa imetoka miaka mingi kabla yeye hajazaliwa: It Takes a Nation of Millions to Hold Us Back, ya kundi la Public Enemy la Marekani, iliyotolewa na kampuni ya Def Jam mwaka 1988. Jina lake lina maana kwamba ili kutuzuia sisi, linahitajika taifa zima la watu mamilioni. Niliisikiliza usiku ule, nikaizima baada ya nyimbo tatu. Kichwa kiliniuma.

Usishangae basi nawe ikikutokea hivyo hivyo. Albamu inaanza kwa king'ora na mayowe ya umati wa London, yaliyorekodiwa katika onyesho la kundi hilo mwishoni mwa mwaka 1987. Kutoka hapo ni karibu saa nzima bila mahali pa kupumzikia. Katika wimbo wa "Rebel Without a Pause" kuna sauti inayopanda kama birika linalopiga mbinja jikoni, nayo hurudi tena na tena kama kwamba hakuna mtu nyumbani wa kuliepua. Asili yake ni kipande kidogo cha saksafoni kilichokatwa kutoka katika santuri ya mwaka 1970 ya The J.B.'s, bendi ya James Brown. Juu ya birika hilo anasimama Chuck D, mwenye sauti nzito kama ya mhubiri, na pembeni yake Flavor Flav, aliyening'iniza saa kubwa kifuani, akitania, akichokoza, akiitikia. Ukiwa umezoea kusoma ngonjera hutapata shida kuutambua mgawanyo huo wa sauti: mmoja anatoa hoja, mwenzake anamtilia chumvi.

Kilichonirudisha kwenye albamu hiyo ni kujua jinsi ilivyotengenezwa. Watayarishaji wake walijiita Bomb Squad, nao ni Hank Shocklee, ndugu yake Keith, Eric Sadler na Chuck D mwenyewe. Walikuwa watu wa Long Island, eneo lililo mashariki ya jiji la New York, na kazi yao ilikomaa katika redio ndogo ya Chuo Kikuu cha Adelphi. Mojawapo ya vyombo vya aina yao, mashine iitwayo SP-1200, iliweza kuhifadhi takriban sekunde 10 tu za sauti kwa jumla. Fikiria ufukara huo! Iliwabidi wakate vipande vifupi mno: pigo moja la ngoma, mguno mmoja, neno moja la mhubiri. Kisha walivipanga tabaka juu ya tabaka, vingine visiafikiane na wenzake hata kidogo. Mwalimu wa muziki angeliita jambo hilo kosa. Wao walilitafuta kosa hilo kwa saa nyingi. Methali yetu isemayo kwamba debe tupu haliachi kuvuma hutumiwa haraka sana dhidi ya kila anayepaza sauti. Mimi mwenyewe niliitumia, moyoni, dhidi ya kijana yule. Debe la Public Enemy lilivuma likiwa limejaa.

Na moto je? Mwaka 1984 polisi wa New York walimpiga risasi Eleanor Bumpurs, bibi mweusi wa miaka 66, walipokwenda kumtoa nyumbani mwake kwa sababu ya malimbikizo ya kodi. Desemba 1986 Michael Griffith, kijana mweusi wa miaka 23, alifukuzwa na kundi la vijana weupe katika mtaa wa Howard Beach. Akakimbilia barabara kuu, akagongwa na gari, akafa. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya dawa za kulevya iliyoweka kifungo kisichopungua miaka 5 kwa aliyepatikana na hatia ya kuuza gramu 5 za kokeini iliyopikwa, ile inayoitwa kraki. Ili kupata kifungo hicho kwa kokeini ya unga, ilimbidi mtu awe na gramu 500. Kemikali ni ileile. Tofauti ni kwamba kraki ilikuwa imeenea zaidi katika mitaa ya watu weusi maskini, na unga ulikuwa kwenye sherehe za wenye fedha. Uwiano huo wa 100 kwa 1 ulidumu hadi mwaka 2010, Bunge lilipoupunguza kuwa 18 kwa 1. Hata hapo, utaona, haukufika 1 kwa 1.

Wimbo wa "Night of the Living Baseheads" unahusu kraki, nao hauwabembelezi wauzaji wala watumiaji wa mitaa ya waimbaji wenyewe. Umeundwa kwa vipande vingi vilivyokatikakatika kiasi kwamba msikilizaji anahisi kama mtu asiyeweza kumaliza wazo moja. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Sauti ile haikuwekwa iwe pambo la ujumbe. Ukichukua maneno yaleyale ukayapigia gitaa taratibu, utapata wimbo wa huruma, msikilizaji atafuta machozi, atalala usingizi mzuri. Watu hawa hawakutaka alale. Chuck D amekuwa akiifananisha rapu na shirika la habari la CNN kwa watu weusi, na wengi hulirudia neno hilo kama mzaha wenye akili. Lichukue kama dai la kiraia: kwamba raia ambaye vyombo vya habari havimfikii ana haki ya kuunda chombo chake, na kwamba taarifa ya jambo lisilovumilika haina wajibu wa kuvumilika masikioni.

Kuna wimbo mwingine, "Black Steel in the Hour of Chaos", ambao ningependa uusikilize peke yake. Msimulizi anapokea barua ya serikali inayomwita jeshini. Anakataa, anafungwa, na wimbo mzima ni mpango wa kutoroka gerezani. Chini yake kuna kinanda kilichokatwa kutoka kwa Isaac Hayes, kinachozunguka kama mlinzi wa zamu ya usiku. Ukiwa na wazee nyumbani, hasa wa upande wa Kongo, jina la Muhammad Ali halitakuwa geni kwao. Yeye alikataa kuingia jeshini mwaka 1967, akanyang'anywa ubingwa, akapata ushindi katika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1971, na miaka mitatu baadaye akapigana Kinshasa. Kisa cha wimbo ni cha kubuni, lakini swali lake si la kubuni: je, nchi isiyonihesabu miongoni mwa watu wake yaweza kunidai uhai wangu? Nimelitumia swali hilo darasani mara nyingi, na kila mara kengele hulia tukiwa bado tunabishana.

Hapa nisimame kidogo, kwa kuwa wengi wenu mnajifunza Kiswahili nchini Uganda kama mimi nilivyojifunza. Wazee wengi wa hapa walikisikia Kiswahili kwanza kinywani mwa askari. Kilikuwa lugha ya amri katika jeshi la kikoloni, kikawa lugha ya vizuizi vya barabarani katika miaka ya Idi Amin. Hata leo utamsikia bibi akisema kwamba Kiswahili ni lugha ya kufokea watu, na mimi simlaumu, alifokewa kweli. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili wa nchi hii hana budi kutofautisha kufoka kunakotoka juu na kufoka kunakotoka chini. Mwenye bunduki hufoka ili wewe unyamaze. Asiye na kitu hufoka ili asikike. Tunapowaambia wote wawili "punguzeni sauti" kwa kipimo kimoja, tunajiona waadilifu, kumbe tumempendelea wa kwanza: yeye akinong'ona pia atatiiwa. Wino wangu mwekundu ulikuwa umefanya hivyo hasa. Viongozi wa mtaa hawakuwa na haja ya kuandika insha.

Nisieleweke kwamba aliyeko chini hawezi kudhulumu. Mwezi Mei 1989 mmoja wa watu wa kundi hilo, Professor Griff, ambaye walimpa cheo cha kuwa waziri wao wa habari, alitoa katika mahojiano na gazeti la Washington Times maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi. Chuck D alihangaika vibaya: akamwondoa, kundi likatangazwa kuwa limevunjika, kisha likarudi. Watu waliodai kusimama upande wa wanaobaguliwa walijikuta hawajui waseme nini ubaguzi ulipotoka kwenye meza yao. Na ndani ya albamu yenyewe upo wimbo wa "She Watch Channel Zero?!", unaomkaripia mwanamke anayetazama televisheni, kana kwamba upumbavu wa taifa zima umekaa kwenye kochi la mama mmoja. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sioni sababu ya kuyafunika mambo hayo, wala sioni sababu ya kuitupa albamu kwa ajili yake. Ninataka tu, utakapoisifu, ujue unachokisifu.

Kasoro nyingine ni ngumu zaidi kuihukumu. Mdundo ulio chini ya "Rebel Without a Pause" ulipigwa na Clyde Stubblefield, mpiga ngoma wa James Brown, katika wimbo wa "Funky Drummer". Mapigo yake yamekatwa na kutumiwa katika nyimbo nyingi za rapu, na kwa sehemu kubwa hakulipwa chochote, kwa sababu alikuwa mwajiriwa wa bendi, hakuandikwa kuwa mtunzi. Alifariki mwaka 2017. Kwa hiyo albamu inayodai haki imesimama juu ya jasho la mtu ambaye hakupata haki yake. Wengine watasema kwamba ndiyo maana sheria ilikuja: mwaka 1991 mahakama ya shirikisho ya New York, katika kesi iliyomhusu rapa Biz Markie, iliamua kwamba kutumia kipande cha wimbo wa mwingine bila idhini ni kosa, na jaji aliianza hukumu yake kwa amri ya Biblia inayokataza kuiba. Hukumu yenye mantiki, nakubali. Lakini angalia ilimnufaisha nani. Malipo yalikwenda kwa wenye hakimiliki, na Stubblefield hakuwa mmoja wao. Wakati huohuo albamu yenye vipande vingi kama hii ikawa ghali kupita kiasi kuitengeneza, maana kila kipande kilihitaji idhini na bei yake. Ndiyo maana haina wajukuu wengi wanaofanana nayo sura. Mlango waliopitia ulifungwa nyuma yao.

Hata hivyo ilizaa. Iliuzwa zaidi ya nakala milioni 1 Marekani, na wakosoaji waliopigiwa kura na gazeti la Village Voice waliiweka ya kwanza mwaka 1988. Ice Cube aliwafuata Bomb Squad New York ili wamtengenezee albamu yake ya mwaka 1990; bendi ya Anthrax, ya muziki wa metali, ikarudia nao wimbo wa "Bring the Noise" mwaka 1991; Mwingereza Tricky akakichukua kisa cha mfungwa na kukitoa upya mwaka 1995 kwa sauti ya mwanamke. Jarida la Rolling Stone liliiweka nafasi ya 48 katika orodha yake ya mwaka 2003, na ya 15 katika orodha ya mwaka 2020. Mimi huziogopa heshima za namna hiyo. Kelele ikishawekwa kwenye kabati la vioo, watu hupita wakaiangalia wakiwa na miwani, na hakuna anayeumwa kichwa tena.

Na huku kwetu? Katika miaka ya 1990 vijana wa Dar es Salaam na Nairobi waliipokea rapu ya Marekani wakaibadilisha lugha. Kwanza Unit walikuja, wakaja Kalamashaka wa Dandora. Mr. II alitoa "Hali Halisi" mwaka 1998, na mwaka 2010 wananchi wa Mbeya Mjini wakamchagua kuwa mbunge. Profesa Jay aliwakejeli wanasiasa wa ahadi tele katika "Ndio Mzee", kisha mwaka 2015 yeye mwenyewe akaingia bungeni kutoka Mikumi, jambo ambalo bado hunichekesha kidogo. Linganisha nyimbo hizo na albamu tuliyoizungumza utaona ajabu moja. Makelele hayakuvuka bahari. Midundo yao ni miepesi, maneno yako mbele na yanasikika kila moja, na silaha yao kuu ni kejeli. Kilichovuka ni kazi: msanii kuwa mleta habari ambaye hakutumwa na mtu. Huenda Kiswahili kilidai hivyo, kwani ni lugha iliyozoea kumchoma mtu kwa mafumbo huku ikimwamkia.

Ukitaka kusikia ukali wa sauti na Kiswahili vikikutana, tafuta albamu ya Kubali ya MC Yallah, msanii mzaliwa wa Kenya aliyekulia hapa Uganda. Aliitoa mwaka 2019 pamoja na mtayarishaji Mfaransa Debmaster, kupitia lebo ya Kampala yenye jina ambalo huhitaji kamusi kulifasiri: Hakuna Kulala. Anachanganya Kiluganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza juu ya midundo inayokwaruza kama mabati yanayoburutwa. Usiianze usiku.

Kuhusu insha ile, niliiomba tena nikaisahihisha upya. Neno "kelele" nililifuta. Alama nilizipandisha hadi 14, wala si zaidi, kwa sababu aya yake ya tatu ilikuwa mbovu kweli: aliwatukana watu watatu bila kueleza walilolikosa, na aliandika "mtaro yenye" mahali pa "mtaro wenye" mara nne. Tulikaa naye saa nzima juu ya aya hiyo. Aliondoa matusi mawili, moja akalibakiza, na akanieleza sababu, nami nikaikubali. Alikwisha kuhitimu siku nyingi. Mwezi uliopita nilipita mtaani kwao. Mtaro bado uko wazi.